Mkataba wa mali kabla au baada ya ndoa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wachumba na wanandoa wanaojiuliza kama waandikishiane mkataba wa mali, na kama ndiyo, lini. Sheria hutofautiana nchi na nchi. Tunapotaja sheria ya mahali fulani tunapataja kwa jina. Mengine yote ni mambo ambayo mahakama nyingi huyatazama popote pale.

Mkataba huu unahusu nini hasa?

Unahusu mali na madeni: nani anamiliki nini, nani anadaiwa nini, na kipi kitagawanywa kwa kipimo gani ndoa ikivunjika au mmoja akifariki. Wa kabla ya ndoa hutiwa saini na wachumba na huanza kufanya kazi siku ya ndoa. Ndoa isipofungwa, ni karatasi tu. Wa baada ya ndoa hutiwa saini na watu ambao tayari ni mume na mke, iwe ni mwezi mmoja au miaka ishirini tangu wafunge ndoa.

Tusipoandika chochote itakuwaje?

Mtatawaliwa na utaratibu ambao sheria ya nchi imekwisha kuwaandalia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama mnahitaji mkataba, ulizeni sheria inawapa nini bila mkataba. Wengi huruka hatua hii, wakaja kulipa wakili awaandikie kitu ambacho tayari wanacho.

Tofauti ni kubwa. Afrika Kusini, wanaofunga ndoa ya kiserikali bila mkataba huunganisha mali na madeni yao yote kuwa fungu moja, hata yale waliyokuja nayo. Ufaransa, kinachounganishwa ni kile kilichochumwa ndani ya ndoa; cha kabla na cha urithi hubaki cha mwenyewe. Ujerumani kila mmoja hubaki na mali yake, lakini talaka ikitokea hupigwa hesabu ya nani amechuma zaidi tangu siku ya ndoa, naye humlipa mwenzake nusu ya tofauti. Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hugawa kwa kufuata mchango, na kazi za nyumbani, malezi ya watoto na usimamizi wa biashara ni mchango. Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza mwaka 2023 kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali, isipokuwa wahusika wamekubaliana vingine. Na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, kazi za nyumbani huhesabiwa mgao unapofika.

Ukishajua kilichopo, swali linakuwa jepesi: je, utaratibu huo unatufaa? Ukiwafaa, acheni.

Nani hasa anauhitaji?

Mwenye watoto wa ndoa ya awali anayetaka mali fulani iwafikie. Mwenye hisa katika kampuni ya familia au ya ubia. Anayetarajia urithi mkubwa. Mwenye madeni mazito, au anayeoana na mwenye madeni mazito. Wanaotoka nchi mbili, au wanaotarajia kuhama. Na mtu mmoja ambaye husahaulika kila mara: yule atakayeacha kazi alee watoto au amfuate mwenzake kikazi. Watu hudhani mkataba ni ngao ya tajiri. Ukiandikwa vizuri ndiyo karatasi inayomlinda zaidi asiye na kipato.

Na nani anaweza kuishi bila huo?

Watu wawili wenye vipato vinavyokaribiana, wasio na watoto wengine, wasio na biashara, wanaoanza pamoja bila kitu, katika nchi ambayo sheria yake wanaikubali. Hawa wosia na orodha ya mali ya siku ya ndoa huwatosha.

Tuanze lini?

Miezi sita kabla ya ndoa kwa mazungumzo, miezi mitatu au minne kwa mawakili, na saini iwe imekauka angalau siku 30 kabla ya sherehe. Tume ya Sheria ya Uingereza ilipendekeza mwaka 2014 kwamba mkataba uliotiwa saini ndani ya siku 28 kabla ya ndoa usipewe nguvu kamili. Pendekezo hilo halijawa sheria, lakini mawakili wengi huko hulifuata. California huhitaji siku 7 kati ya mtu kupewa mkataba wa mwisho na kuutia saini.

Haraka ndiyo inayoua mikataba mingi, na kesi ya Thorne dhidi ya Kennedy, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Australia mwaka 2017, inaonyesha namna inavyoua. Bwana alikuwa na mali ya dola zaidi ya milioni 18. Bibi arusi alikuwa ameiacha nchi yake, wazazi wake wamekwisha kusafirishwa kuja harusini, gauni limeshonwa. Alipewa mkataba siku chache kabla ya harusi, akaambiwa asiposaini hakuna ndoa. Kwa mkataba huo, wakiachana baada ya miaka 3 au zaidi, angepata dola 50,000 na basi. Wakili wake mwenyewe alimwambia asisaini. Akasaini, siku nne kabla ya sherehe. Baada ya ndoa wakasaini mkataba wa pili, karibu sawa na ule wa kwanza. Mahakama ilifuta yote miwili. Angalia kilichotokea hapo: bibi alikuwa na wakili, alishauriwa vizuri, na bado mkataba ulianguka, kwa sababu hakuwa na nafasi ya kweli ya kusema hapana.

Kuna mikataba ya dakika ya mwisho iliyopona. Ule wa mchezaji wa besiboli Barry Bonds ulisainiwa siku moja kabla ya ndoa, 1988, na Mahakama ya Juu ya California ikaukubali mwaka 2000. Lakini ilichukua miaka ya kesi, na kanuni ya siku 7 ilitungwa baada ya hukumu hiyo. Usiutegemee mfano huo.

Mahakama itaufuata kweli?

Mara nyingi ndiyo, ikiwa umepatikana kihalali. Uingereza ilikuwa na mashaka ya muda mrefu hadi kesi ya Radmacher dhidi ya Granatino, 2010. Hapo Mahakama ya Juu ilisema kwamba mkataba ulioingiwa kwa hiari, kila mmoja akielewa maana yake, utafuatwa isipokuwa kuwabana nao kutakuwa si haki kwa hali ilivyo wakati huo. Kenya, sheria ya 2013 inamruhusu mhusika kuiomba mahakama iutengue kwa sababu ya udanganyifu, shuruti, au dhuluma iliyo wazi.

Mashimo yanayoangusha mkataba ni yale yale karibu kila mahali: mali iliyofichwa, shinikizo, mtu kutoelewa alichosaini, na masharti yanayomwacha mmoja bila njia ya kuishi.

Tunatakiwa kufichuliana nini?

Vyote, kwa maandishi, kama kiambatisho cha mkataba chenye tarehe na saini za wote. Orodha ya kawaida:

- hati za nyumba na viwanja, pamoja na makadirio ya thamani na salio la mkopo;
- taarifa za benki za miezi 12;
- ritani za kodi za miaka 3;
- hesabu za kampuni na asilimia ya hisa;
- pensheni na bima zenye akiba;
- sarafu za kidijitali;
- madeni, yakiwemo ya watu binafsi;
- dhamana ulizowawekea wengine.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi. Mtu aliyemdhamini kaka yake benki hana deni leo, lakini kaka akishindwa kulipa, deni ni lake.

Urithi unaotarajiwa utajwe hata kama hauna tarakimu. Kama thamani ya kitu haijulikani, andikeni makadirio na mseme ni makadirio. Kilichokadiriwa vibaya kwa nia njema husameheka, kilichofichwa hakisameheki.

Wakili mmoja hawezi kutuandikia sote wawili?

Anaweza kuandika, ila hawezi kuwashauri wote wawili, maana kinachomfaa mmoja mara nyingi kinampunguzia mwingine. Kila mmoja awe na wake. Australia, bila ushauri wa wakili huru kwa kila upande, mkataba haufungi. California, aliyeacha haki ya kutunzwa na mwenza baada ya talaka bila kuwakilishwa na wakili wake hawezi kubanwa na kipengele hicho.

Mwenye kipato akilipa gharama za mawakili wote wawili si tatizo. Tatizo ni kumchagulia mwenzake wakili. Ampe fedha, mwenzake atafute mwenyewe.

Nyumba niliyonunua kabla ya ndoa, nikiandika tu kwamba ni yangu haitoshi?

Haitoshi, na hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Chukua mfano. Siku ya ndoa nyumba ina thamani ya milioni 60 na mkopo wa milioni 40. Chako ndani yake ni milioni 20. Mnaishi humo miaka minane, mkopo ukilipwa kwa mishahara ya wote wawili. Mnapoachana nyumba ina thamani ya milioni 100 na mkopo umebaki milioni 16. Sasa kuna milioni 84, yaani ongezeko la milioni 64: milioni 24 zimetokana na malipo ya mkopo, milioni 40 zimetokana na bei kupanda.

Mkataba ukisema “nyumba na ongezeko lake lote ni la mwenye hati”, mwenza hapati kitu, ingawa mshahara wake uliingia humo kila mwezi. Ukisema mwenza apate nusu ya mkopo uliolipwa ndani ya ndoa, anapata milioni 12. Ukisema wagawane ongezeko lote, anapata milioni 32. Nyumba ni ile ile, ndoa ni ile ile, na majibu ni matatu. Ukiandika “nyumba ni yangu” bila kusema lolote juu ya mkopo, ukarabati na kupanda kwa bei, umemwachia hakimu achague mojawapo.

Chaguo la pili ndilo tunaloona linawasumbua watu kidogo zaidi, kwa kuwa ni rahisi kulithibitisha: taarifa za mkopo zinatosha. Ukarabati nao uandikiwe kiwango, kwamba matumizi yaliyozidi kiasi fulani na yenye risiti yatarudishwa kwa aliyelipa.

Uangalifu mmoja: mahali pengine haki ya kukaa katika nyumba ya familia haiondolewi kwa mkataba wa ndoa. Ontario, Kanada, ni mfano. Unaweza kukubaliana juu ya umiliki, lakini si juu ya nani atolewe nje.

Biashara je?

Taja mambo matatu: hisa ni za nani, ongezeko la thamani ni la nani, na mwenza akifanya kazi humo atalipwaje. La tatu ndilo bomu. Mke anayeshika vitabu vya hesabu miaka kumi bila mshahara atakuwa na hoja nzito ya mchango, mkataba useme utakavyosema. Mlipeni mshahara, au mwandike asilimia. Kama mna wabia, someni kwanza mkataba wa ubia. Baadhi humtaka kila mbia awe na mkataba wa ndoa unaozilinda hisa.

Mmoja akiacha kazi kwa ajili ya watoto, tuandike nini?

Kiasi au kanuni, si “atafidiwa ipasavyo”. Kwa mfano: kwa kila mwaka kamili asiofanya kazi ya mshahara, mwenye kipato ataweka asilimia kadhaa ya pato lake katika akaunti au mfuko wa pensheni ulio kwa jina la mwenza, na fedha hizo ni zake daima. Inayolipwa mwaka hadi mwaka ni bora kuliko ahadi ya fungu moja siku ya talaka, kwa sababu siku hiyo fedha huwa haipo, au hudaiwa haipo.

Kipi hakiwekwi?

Matunzo ya mtoto hayapunguzwi na mkataba wa wazazi, maana ni haki ya mtoto. Nani atakaa na watoto nako huamuliwa kwa kuangalia maslahi yao wakati huo. Msiandike pia masharti ya tabia: uzito wa mwili, idadi ya wageni, nani atapika. Faini ya uzinzi huombwa sana. Mahakama ya rufaa ya California ilikataa mwaka 2002 kutekeleza makubaliano ya dola 50,000 kwa atakayetoka nje ya ndoa, kwa kuwa sheria ya talaka huko haitafuti mwenye kosa. Kwingine inaweza kukubalika, lakini hata hapo fikiria utakavyothibitisha.

Hatari ya masharti haya si kwamba yatapuuzwa tu. Yanaweza kuuchafua mkataba mzima machoni pa hakimu. Wekeni kipengele kinachosema sehemu moja ikibatilika, nyingine zinabaki.

Mkataba utanikinga na wadai wa mwenzangu?

Kati yenu wawili, ndiyo. Kwa benki iliyomkopesha, haubadilishi kitu ikiwa nawe ulisaini mkopo au mali yako iko rehani. Na kuhamishia mali kwa mwenza wakati madeni yamekwisha kuiva kunaweza kufutwa kama hila dhidi ya wadai.

Tumeshafunga ndoa. Tumechelewa?

Si lazima. Australia huruhusu kabla, ndani na baada ya ndoa. Afrika Kusini kubadili mfumo wa mali baada ya ndoa huhitaji ruhusa ya mahakama. Ujerumani mnaweza wakati wowote, mradi nyote mwe mbele ya mthibitishaji (mwanasheria mwenye mamlaka ya kuthibitisha hati) kwa pamoja. Sheria ya Kenya inataja makubaliano ya kabla ya ndoa, hivyo anayetaka wa baada apate ushauri mahususi.

Nyakati zinazofaa ni pale hali inapobadilika wazi: urithi umeingia, mmoja anafungua biashara yenye hatari, mmoja anaacha kazi, mnahama nchi. Tarajieni mahakama iuchunguze kwa jicho kali zaidi, kwa sababu wanandoa hudaiwa uaminifu wa juu kati yao kuliko watu wanaofanya biashara, na aliye ndani ya ndoa yenye watoto ana nafasi finyu ya kukataa.

Nimegundua usaliti, naye yuko tayari kusaini chochote. Nimsainishe sasa?

Hapana. “Chochote” ndilo neno litakalotumiwa na wakili wake miaka mitano baadaye. Subirini wiki kadhaa, kila mmoja apate wakili, na masharti yawe yale ambayo mtu mwenye akili zake angeyakubali bila kubanwa. Kama nia ni kuachana, mnachohitaji ni makubaliano ya kutengana, na hiyo ni hati nyingine.

Tuuwekee muda wa kuisha?

Mnaweza, kwa mfano miaka 10 au 15, au mgao uongezeke hatua kwa hatua. Ila elezeni siku inayohesabika kuwa mmeachana: mtu kuhama chumba, barua ya wakili, au kufunguliwa kwa shauri. Bila hivyo mwaka wa tisa na nusu unakuwa mwaka wa mbio. Sisi tunapendelea mapitio kuliko ukomo: kila miaka 5, na kila mtoto anapozaliwa.

Tukihamia nchi nyingine?

Andikeni sheria ya nchi gani inatumika, na mpate maoni ya wakili wa nchi mnayokwenda kabla ya kuhama. Nchi kadhaa za Umoja wa Ulaya hufuata, tangu Januari 2019, kanuni inayowaruhusu wanandoa kuchagua sheria ya mali yao miongoni mwa zile wanazohusiana nazo. Kwingine mahakama hutumia sheria yake yenyewe na kuuchukulia mkataba wa kigeni kama ushahidi wa mlichokusudia.

Kuna pensheni. Nayo inaingia?

Kwa kawaida ndiyo, lakini kuna mtego kwa walio Marekani. Kwa pensheni nyingi za waajiri binafsi huko, haki ya mjane, yaani malipo anayoyapata mwenza akifa, inaweza kuachwa na mume au mke pekee, si mchumba. Kipengele cha kabla ya ndoa hakitoshi; fomu ya mfuko isainiwe tena baada ya harusi, mbele ya mthibitishaji au mwakilishi wa mfuko.

Unachukua nafasi ya wosia?

Hapana. Semeni wazi kama mkataba unahusu talaka tu au na kifo pia, kisha andikeni wosia unaolingana nao. Uingereza na Wales, kufunga ndoa hufuta wosia wa awali, isipokuwa uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo.

Tunafunga ndoa ya Kiislamu. Tunauhitaji?

Katika fikihi mali za mume na mke hazichanganyiki kwa sababu ya ndoa, mahari ni ya mke, na masharti yanaweza kuwekwa ndani ya akdi. Mafungu ya mirathi hayabadilishwi kwa mkataba. Lakini kama nchi mnayoishi ina sheria yake ya mali ya ndoa, mahakama ya nchi huenda isiisome akdi kama mkataba wa mali. Hapo andikeni wa pili unaoendana nayo.

Mwenzangu amekasirika nilipolitaja. Nifanyeje?

Mara nyingi kilichomuudhi ni rasimu iliyokamilika kuwekwa mezani. Anza na mali yako na madeni yako, mpe orodha, kisha muulize yeye anaogopa nini ndoa ikivunjika au ukifa. Rasimu ianze na majibu yake. Akiendelea kukataa, una haki ya kukataa ndoa, lakini usiitumie kama fimbo wiki ya harusi.

Sampuli ya intaneti inatosha?

Kama orodha ya mambo ya kujadili, inafaa. Kama hati ya kusaini, hapana: huwa imeandikwa kwa sheria ya nchi nyingine, na utaratibu wa saini hutofautiana. Afrika Kusini mkataba husainiwa mbele ya mthibitishaji kabla ya ndoa na kusajiliwa ndani ya miezi 3. Ufaransa na Ujerumani bila mthibitishaji haupo kabisa.

Tukishasaini, tuufanyie nini?

Nakala halisi tatu: moja kwa kila mmoja, moja kwa wakili. Kila ukurasa uwe na saini fupi za wote, viambatisho vikiwemo. Kama mmoja hasomi vizuri lugha ya mkataba, tafsiri ya maandishi isainiwe pamoja nao. Tunzeni rasimu za awali na barua pepe za mawakili. Zinaonyesha kwamba palikuwa na mabishano, na kwamba kuna vipengele vilivyobadilishwa kwa ombi la aliye dhaifu. Mabadiliko yoyote yafanywe kwa hati mpya yenye utaratibu ule ule wa saini. Kukata mstari kwa kalamu na kuweka herufi za majina pembeni hakubadilishi mkataba, kunauzulia kesi.